Shajara ya mradi: pesa ya Mwalo wa Saba

Jumamosi, 2 Agosti. Jaribio la tatu

Natengeneza mchezo wa mezani wa kusimulia na kutupa dadu, ambamo kila mchezaji anaigiza mhusika wake katika dunia ya kubuni. Leo tumekaa saa nne nzima kwenye chumba cha nyuma cha steshenari yangu hapa Nyamanoro, Mwanza, wachezaji wanne na mimi msimulizi. Kundi lilirudi kutoka kwenye jumba lililozama likiwa na sarafu za dhahabu 4,000. Furaha ilikuwa kubwa. Wakapiga kasia hadi Mwalo wa Saba, kijiji cha wavuvi cha humo mchezoni, njaa inawauma, wakamkuta mama mmoja ametandaza sato kwenye turubai. Orodha yangu ya bei inasema sato mmoja ni sarafu moja ya dhahabu. Mdogo wangu akasema anatoa sarafu, anachukua samaki, tuendelee.

Dada ambaye huuza dagaa pale Mwaloni Kirumba, na humu mchezoni ni mganga wa mizimu ya maji, akaweka dadu chini.

"Kaka, huyu mama angepewa sarafu mbili, chenji atarudisha kwa kitu gani?"

Nikamwambia bei ni sarafu moja kamili, hakuna chenji.

"Sawa. Kama sato mmoja ni dhahabu moja, na huyu mama ana turubai zima la sato, anafanya nini juani? Si angekuwa ameshalijenga hilo jumba la kifalme yeye?"

Mchezo ulisimama hapo. Tulijaribu kumjibu tukashindwa. Kabla kundi halijafika, nani alikuwa ananunua samaki wa huyu mama? Analipa nini kwa anayemsagia mtama? Kwenye dunia yangu yote wenye dhahabu ni wahusika wanne na mazimwi. Nimeandika juu ya ukurasa mpya wa daftari: HUYU MAMA NI NANI?

Jumapili, 3 Agosti

Bei zangu niliziandika kwa kufuata mazoea ya michezo niliyojifunzia, na mazoea hayo yana chanzo. Dungeons & Dragons ilitoka mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Katika matoleo ya mwanzo, kila sarafu ya dhahabu uliyoitoa pangoni na kuifikisha salama ilikupa pointi moja ya uzoefu. Kwa hiyo dhahabu ilikuwa alama ya ushindi kabla ya kuwa pesa. Mapango yakajazwa dhahabu ili wahusika wakue, na ilipojaa ikabidi bei zipande ili iwe na pa kwenda. Kwenye kitabu cha wachezaji cha mwaka 1978, Gygax mwenyewe alizieleza bei hizo kwa mfano wa miji ya Alaska wakati watu walipoikimbilia dhahabu.

Nimekaa na kikokotoo na bei za toleo la mwaka 2014 la mchezo huohuo. Mfanyakazi asiye na ujuzi hulipwa sarafu 2 za fedha kwa siku, na fedha 10 ni dhahabu 1. Chupa ya dawa ya kuponya majeraha ni dhahabu 50, yaani siku 250 za kubeba mizigo. Deraya kamili ya chuma ni dhahabu 1,500, yaani siku 7,500: zaidi ya miaka 20, na hapo hujala wala hujavaa. Sarafu 50 zina uzito wa ratili moja, kwa hiyo sarafu 10,000 za zimwi ni karibu kilo 90. Nani anazibeba, na akifika kijijini anamnunulia nani kitu gani?

Mfano wa Alaska naujua kwa karibu, maana Geita iko ng'ambo ya ghuba tu, na tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 hata foleni ya kivuko haipo tena. Mjomba wangu alichimba Nyarugusu miaka ya nyuma. Alikuwa anatuambia duara moja, yaani shimo la kuchimbia, likitoa dhahabu, chapati inapanda bei kabla jua halijazama, na maji ya kuoga yanauzwa kwa bei ya soda. Kwa hiyo bei za namna hiyo ni za kweli kabisa, kwa kambi ya machimbo. Mimi nimeifanya dunia nzima kuwa kambi ya machimbo, hadi mwalo ambao watu wake wanakula mtama na furu, visamaki vya ziwani.

Dhahabu inatoka kwenye orodha. Kuanzia leo itapatikana kwenye makaburi ya wafalme na kwenye shingo za mizimu, na hakuna muuzaji wa samaki atakayeikubali.

Jumamosi, 9 Agosti. Jaribio la nne

Mwezi umejaa, taa za dagaa hazina kazi mbele ya mbalamwezi, mitumbwi imepanda nchi kavu na Fundi wetu wa injini amepata nafasi ya kuja. Wachezaji walikuwa watano.

Nimeanza upya na siku ya kazi. Kipimo cha msingi sasa kinaitwa kibarua, na neno lenyewe limenisaidia kuliko kitabu chochote cha kanuni. Kibarua ni barua ndogo, kile kikaratasi alichopewa mfanyakazi wa kutwa; baadaye jina la karatasi likahamia kwenye kazi na kwa mtu mwenyewe. Nimechapa kadi za vibarua kwenye karatasi ngumu. Kila kadi ni jasho la siku moja la mtu fulani. Chini yake kuna simbi, yaani kauri za baharini, 10 kwa kibarua kimoja.

Ili kupata bei, Alhamisi nilishinda Mwaloni na daftari. Sikuhitaji kujua shilingi, nilihitaji uwiano: mpakuaji akifanya kazi kutwa anakula sahani ngapi za ugali, ananunua sado ngapi za dagaa, anahitaji siku ngapi apate kandambili. Dada akanipeleka kwa mama mmoja wa nyanya ili nijifunze kitu ambacho yeye anakijua kama anavyojua njia ya kwao. Nyanya zilikuwa kwenye mafungu. Nikauliza fungu limepanda kiasi gani tangu mvua ziishe. Mama akanijibu fungu halijapanda, bei ni ileile. Kisha nikaona mikono yake: nyanya nne chini, moja juu. Dada akaninong'oneza kwamba zamani chini zilikaa tano na juu mbili.

Nimeiingiza moja kwa moja. Kwenye Mwalo wa Saba bei ya fungu haibadiliki kamwe. Msimulizi anatupa dadu, fungu linapungua au linajaa. Wachezaji wameiona njaa inakuja vijijini kwa kuhesabu nyanya, bila mimi kuwaambia neno.

Jumapili, 17 Agosti

Printa imekula kadi 60. Hakuna la zaidi wiki hii.

Jumapili, 24 Agosti

Vibarua vinafanya kazi lakini vinarundikana. Baada ya majaribio mawili kundi lina kadi 340 na halina pa kuzipeleka. Mdogo wangu amenikumbusha Diablo II, mchezo wa kompyuta alioucheza sana: dhahabu ilimwagika kutoka kwa kila jini aliyeuawa hadi wachezaji wakaacha kuithamini, wakaanza kubadilishana kwa pete iitwayo Stone of Jordan. Watu waligeuza pete kuwa pesa kwa sababu pesa yenyewe ilikuwa imekufa mikononi mwao.

Mwalimu wetu wa historia, ambaye ni mchezaji wetu wa nne, alilijua jambo hilohilo kwa ukubwa zaidi. Mwaka 1324 Mansa Musa wa Mali alipita Kairo akienda Hija, akagawa dhahabu kwa wingi kiasi kwamba thamani yake ikashuka Misri. Al-Umari, aliyeandika habari hizo, alifika Kairo miaka kadhaa baadaye akakuta watu bado wanalizungumza, na bei bado haijasimama. Mtu mmoja mkarimu, msafara mmoja. Kundi langu la wahusika watano ni Mansa Musa wa kila wiki.

Jioni nilikaa Capri Point kwenye mawe nikaangalia maji, nikakumbuka tulichofundishwa shule na sikukitilia maanani. Ziwa hili la Viktoria linaingiwa na Kagera, Mara, Simiyu na mito mingine mingi, na mvua inayonyesha juu yake ni nyingi kuliko mito yote ikijumlishwa. Linatokwa na mto mmoja tu, Nile, pale Jinja. Ukiangalia ramani utadhani Nile ndiyo inayolipunguza. Sivyo. Sehemu kubwa ya maji inachukuliwa na jua, kidogokidogo, kila mahali, kila siku, wala hakuna anayeliona likichukua. Mwaka 2020 mvua zilipozidi, maji yalipanda kwa kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu miaka ya 1960, yakaingia kwenye nyumba za mialoni.

Nilikuwa nimepanga kuweka ushuru mkubwa wa chifu ili kupunguza kadi za wachezaji. Ushuru ni Nile: unaonekana, unachukiwa, na hautoshi. Ninachohitaji ni jua. Kamba inayokatika, mafuta ya taa, matengenezo ya nyavu, chakula, zawadi kwa wenyeji ukifika kisiwani usiku. Na bado sijaridhika, kwa sababu kuandika gharama ndogondogo 30 kila jaribio ni kazi ya karani na mchezo unapoa.

Jumamosi, 30 Agosti. Jembe

Leo ndiyo siku iliyobadilisha mradi, kwa hiyo naandika kwa urefu.

Mwalimu alikuja mapema, tukawa wawili tu tunasubiri. Nikamwonyesha mchoro wa sarafu kubwa niliyotaka kuitumia kwa hazina, tembo mbele ya mlima. Akaitambua mara moja: mwaka 1916, katikati ya vita, Wajerumani walitengeneza sarafu ya dhahabu ya rupia 15 kwenye karakana ya reli Tabora, dhahabu ikitoka Sekenke, tembo upande mmoja na Kilimanjaro nyuma yake. Akasema ni sarafu nzuri, lakini ni pesa ya serikali iliyokuwa inaishiwa. Kisha akaniuliza kwa nini nakwenda mbali wakati watu wa ukanda huuhuu walikuwa na pesa yao ya chuma kabla ya rupia.

Alikuwa anasema majembe. Warongo, wahunzi wa upande wa Uzinza na Geita ya leo, waliyeyusha chuma na kufua majembe yaliyokwenda Usukuma na Unyamwezi kwa wingi. Jembe lilibadilishwa kwa nafaka, kwa mbuzi, lilihesabiwa hata kwenye mahari. Wakati huohuo simbi, zilizotoka Bahari ya Hindi na kutungwa kwenye uzi, zilikuwa zinatembea upande wa Buganda, na kadiri mizigo ilivyozidi kufika kutoka pwani ndivyo kila simbi moja ilivyozidi kuwa nyepesi kwa thamani.

Nilibaki nimeshika kalamu. Simbi haiishi. Ukiitia mfukoni leo, mwaka kesho ni simbi ileile, na mpya zinaendelea kuja. Dhahabu ndiyo kabisa, inakaa kaburini miaka elfu na kutoka inang'aa. Jembe hulimiwa. Kila msimu udongo unakula ncha yake, na baada ya misimu kadhaa kimebaki kigutu ambacho mhunzi anakipokea kama chuma tu. Mkulima anapolitumia, pesa inapungua duniani, bila karani wala ushuru. Na mwenye kuliweka ndani bila kulitumia analala njaa karibu na utajiri wake. Kila mtu anayelishika lazima aamue: nilime nalo au nilipe nalo?

Kwangu hapo ndipo pesa ya mchezo inapopata uzito. Michezo mingi hujaribu kuipa thamani kwa kuiongezea vitu vya kununua. Thamani inakuja pale ambapo kuitoa kunauma na kuishika kunauma vilevile.

Kanuni nimeiandika usiku huuhuu, na inaingia kwenye mistari michache. Jembe 1 ni vibarua 10. Jembe lina hali tatu: jipya, lililolika, gutu. Msimu wa kulima ukifika, kila jembe lililoingia shambani linatupiwa dadu moja. Ikitoka 1 au 2, linashuka hali moja. Jembe lililolika ni vibarua 6, gutu ni 2. Mhunzi anafua jembe jipya kwa magutu matatu na mkaa wa siku nne za kazi.

Jumamosi, 6 Septemba. Jaribio la sita

Mbalamwezi tena, tumetimia wote. Nimetengeneza majembe ya kadibodi ngumu, ya ukubwa wa kiganja, na yakishuka hali mchezaji anakata ncha kwa mkasi. Nilitaka walione likiisha.

Mdogo wangu alikuwa na majembe matano na anautamani upanga wa majembe sita. Kundi likafika kijiji cha bara mvua za kwanza zinanyesha. Nikacheza bibi mmoja mwenye shamba kubwa na watoto wengi, hana majembe ya kutosha. Akaomba kuazima matano kwa msimu mmoja, malipo ni sehemu ya tano ya mtama. Mdogo wangu alikaa kimya muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona kwenye mapambano yoyote. Akakubali. Mtama alioupata ulikuwa na thamani ya vibarua 14. Kisha tukatupa dadu tano. Mbili zikaanguka kwenye 1 na 2.

Akachukua mkasi akakata mwenyewe, taratibu, vipande vikaanguka mezani. Akaviokota akavitia mfukoni. Akahesabu: mapya matatu ni 30, yaliyolika mawili ni 12, mtama 14. Jumla 56. Alianza na 50. "Nimepata sita," akasema, "na bibi amelisha watoto." Upanga hakuununua. Alikuwa bado hajafika, lakini pia sikumsikia akiutaja tena jioni ile.

Mhusika wa Mwalimu alikuwa anaposa. Baba wa binti alichezwa na Fundi, nami sikumpa maelekezo yoyote. Mwalimu akaweka majembe manane mezani. Fundi akaokota moja moja, akapitisha kidole gumba kwenye ukingo wa kila kadibodi kama anavyokagua mapanga ya propela, akarudisha mawili upande wa Mwalimu. "Haya yameshalima, mkwe. Binti yangu hajawahi kulima kwa mtu." Mwalimu akasimama, akasema, "Nimekusikia, baba," akaketi. Hakuna kanuni yoyote iliyosema pesa ya mahari lazima iwe mpya. Sasa ipo.

Jumapili, 14 Septemba

Mambo mawili, kwa ufupi.

Hazina za majini. Lukwata, yule nyoka mkubwa wa ziwani wa hadithi za Buganda, yumo kwenye mchezo, na sikutaka akae juu ya rundo la sarafu. Hazina yake ni bondo lake, kile kibofu cha hewa cha samaki. Kila mtu wa hapa anajua bondo la sangara lilivyo: jepesi, baya kulitazama, na kilo yake inashinda nyama yote kwa bei kwa sababu kuna mnunuzi China. Humu pia bondo la Lukwata lina thamani kubwa kwa mnunuzi mmoja wa mbali tu, na kila wiki dadu inaamua kama amefika. Asipofika, kundi limeshika kitu kinachonuka. Wanaokumbuka mwaka 1999, Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa ziwa hili, hawahitaji maelezo ya kanuni hii.

Jambo la pili ni tajiri. Mhusika asiye na mtumbwi anachukua wa tajiri: kwanza zinatolewa gharama, ndipo mgao unafanyika, na akikosa samaki deni linabaki. Fundi ameomba deni liandikwe kwenye karatasi ya mhusika sehemu ileile ya majeraha. Nimekubali, maana linapunguza nguvu kwa namna hiyohiyo.

Jumamosi, 20 Septemba. Jaribio la saba

Bado kuna kazi: jedwali la mhunzi ni refu mno, na sijaamua visiwa vitumie pesa gani kwa kuwa huko hawalimi sana. Ramani haijakamilika.

Leo nimewarudisha Mwalo wa Saba kwa makusudi. Turubai lilelile, mama yuleyule. Nikamwomba Dada amcheze yeye. Hakuuliza lolote, alivuta kiti pembeni ya meza, akaweka kadi za sato mbele yake, tatu kwa safu.

Mdogo wangu akauliza bei. Simbi sita. Akalalamika, hakupunguziwa, akatoa kibarua kimoja. Dada akafungua fundo la kanga yake, la kweli, ambamo alikuwa ametia simbi za mchezo tangu tulipoanza, akahesabu kwenye kiganja.

"Nina tatu. Moja utanidai, mwanangu. Nakaa hapahapa kila siku."

Mdogo wangu alichukua samaki na simbi tatu. Kwenye karatasi yake, chini ya mkuki na kamba, akaandika: Mama wa turubai, simbi 1. Kundi lilipotaka kusafiri kwenda kwenye jumba lililozama, alisema waanze kwanza kupita kwa yule mama.

Nikarudi kwenye ukurasa ule wa Agosti. Chini ya swali nimeandika: anaamka saa kumi, ananunua kwa watu wa makokoro, anadaiwa na tajiri jembe moja na nusu, na mdogo wangu anamdai simbi moja.